Kadi ya wifi iligoma kusoma siku mbili, nikataka kuirudisha

Nikiri tu mapema, hii riviu nilianza kuiandika usiku ule wa kwanza, kadi nikaipa nyota moja na maneno mengine niliyoyaweka siyarudii hapa. Leo ni wiki ya tatu naitumia, yale yote nimefuta.

Kadi yenyewe ni ya wifi na bluetooth kwa pamoja, ile fupi ya PCIe x1 (unaichomeka ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye sloti ndogo ya mazabodi, yani ubao mkuu), ndani ina chipu ya Intel AX200, yani Wi-Fi 6, na antena mbili zimekaa kwenye kisahani cha sumaku chenye waya mrefu. Kampuni iliyoiunda na kuifunga kwenye boksi sitaitaja, maana nina neno nayo huko mbele.

Nikazima mashine, nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha keisi kidogo kutoa umeme tuli wa mwilini, nikaipachika kwenye kile kisloti kifupi cha chini, nikakaza skrubu, nikawasha. Hakuna kitu. Na sisemi ilikuja na alama ya njano, hapana, haipo kabisa, Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, imekaa vilevile kama jana. Nikabonyeza Scan for hardware changes mpaka mkono ukachoka.

Hapo ndo nilipopotea njia, nikaanza kuhangaika na draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Nikashusha ya kwanza kwa simu nikaihamishia kwenye kompyuta, ikasema hakuna kifaa, nikashusha ya zamani zaidi, jibu lilelile, usiku ukaisha hivyo. Sasa draiva ya nini jamani wakati mashine haijui hata kama kuna kadi? Draiva ni mkalimani, na huyu mgeni hata hodi hajapiga. Kadi ikiwa imeonekana ila draiva ndo haina, Windows inakuonyesha "Network Controller" ina pembetatu ya njano, ukifungua unakuta Code 28, yani draiva haijawekwa. Ukikosa hata hiyo, tatizo liko chini ya Windows: sloti, BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows), jinsi ilivyokaa, au kadi imekufa. Nilikuja kulielewa hili kesho yake nikiwa nimeshamwandikia muuzaji kwamba narudisha mzigo.

Siku ya pili nikaenda taratibu. Nikaitoa, nikamulika zile pini za dhahabu kwa tochi ya simu, safi. Nikairudisha nikiisukuma mpaka ikakaa sawa mwanzo hadi mwisho, maana hizi kadi fupi ukikaza skrubu vibaya upande mmoja unanyanyuka kidogo na kwa macho huoni. Bado. Nikazima huku nimeshikilia Shift, kwa sababu Windows ikiwa na Fast Startup haizimi kikweli, inalala na hali ya zamani. Bado.

Nikachukua flashi yenye Ubuntu (mfumo wa Linux, badala ya Windows) nikabuti kutoka humo bila kuinstoo chochote, nikafungua teminali nikaandika lspci. Hii amri inakuorodheshea kila kitu kilichoko kwenye PCI, njia ambayo kadi hizi zinapita, kiwe na draiva kisiwe nayo. Grafiki ipo, mtandao wa waya upo, SSD mbili (diski zangu) zipo, wifi haipo. Basi Windows wa watu nilikuwa namsingizia.

Ila zile SSD mbili zikanikaa kichwani. Ya pili niliiweka mwenyewe kwa mikono yangu miezi kadhaa nyuma, kwenye M.2 ya chini, ile sloti nyembamba ya SSD. Nikatafuta kijitabu cha mazabodi yangu, PDF, na chini ya jedwali la sloti kuna mstari wa maandishi kama sisimizi: ukitumia M.2 ya pili, sloti hii haifanyi kazi. Zinagawana njia moja, akiingia mmoja mwingine anazimwa! Kwenye mazabodi nyingine inaweza kuwa ni poti za SATA, zile za diski za waya, ndo zinazimika, yako mpaka usome kijitabu chake.

Nikaihamishia kwenye sloti ndefu, ile ya saizi ya x16. Kadi ya x1 inaingia humo na inapiga kazi bila shida, ingawa inaonekana kama mtoto aliyevaa koti la baba. Nikarudi Ubuntu, wifi hiyo hapo, hata sijagusa kitu, maana Linux ina draiva ya hii chipu tangu kernel (kiini chake) 5.1 ya 2019. Kwenye Windows nikapata ile pembetatu ya njano na aisee sijawahi kufurahia kosa kiasi kile. Draiva wameiweka kwenye sidii, na mashine yangu haina pa kuweka sidii wala intaneti ya kuishushia. Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikawasha tethering, kompyuta ikaazima intaneti ya simu, nikaangalia Hardware Ids (namba za utambulisho wa kifaa) kwenye Device Manager nikaona VEN_8086 DEV_2723. Hiyo 8086 ndo namba ya Intel, wamejipa ya prosesa yao ya zamani. Nikachukua draiva kwa Intel wenyewe, dakika chache wifi ikasoma.

Bluetooth nayo ikagoma. Haipo kabisa, kama mwanzo. Kumbe kwenye hizi kadi wifi inapita PCIe lakini bluetooth inapita USB, kwa kile kikebo chembamba nilichokiacha kwenye boksi nikidhani ni cha akiba. Kinaunganishwa kwenye pini 9 za USB 2.0 juu ya mazabodi, zangu zimeandikwa F_USB. Mimi nikakipeleka kwanza kwenye pini za sauti, nazo ni 9, kikakataa kuingia kwa sababu pini inayokosekana iko nafasi tofauti. Bahati sikukilazimisha, ningepinda kitu. Nikahamia F_USB, kikaingia kama siagi, nikawasha, bluetooth ikasoma.

Na hapa ndo neno langu na hao jamaa. Karatasi yao ya maelekezo ina mchoro wa kadi ikiingia kwenye sloti na basi, kikebo hakitajwi popote. Kwa hilo nimewakata nyota moja, kwa hiyo ni nne. Ile meseji ya kurudisha mzigo nilimwomba muuzaji radhi nikaifuta, akacheka.

Wifi haijakatika tangu hapo. Spika za masikioni za bluetooth zilikuwa zinakwamakwama kila nikichomeka diski ya nje ya USB 3.0 nyuma ya keisi, hiyo USB inachafua mawimbi ya 2.4 GHz ambayo bluetooth inatumia, nikakisogeza kile kisahani cha antena juu ya kabati, kelele zikaisha.