Kliniki ya altrasaundi mtaani kwetu: nyota 4, ya 5 imeishia mapokezi

Naanza na ubaya maana ndo utakutana nao kwanza. Pale mapokezi unalipa kwanza halafu hakuna anayekwambia foleni ikoje, unakaa kwenye benchi la mbao na tumbo lako mpaka miguu ivimbe, ukiuliza unaambiwa "utaitwa". Haya, hilo limeisha.

Ila ndani jamani!! Nilienda skani ya wiki ya 20, ile ya kuangalia viungo, ingawa wengi tunaendaga kujua jinsia tu tuseme ukweli. Kwingine wanakupaka jeli, dakika mbili tatu, "mtoto mzima mama", unapewa karatasi unaondoka. Huyu dokta alihesabu vidole. Mtoto kakunja ngumi, akasubiri, akanigeuza ubavu, akaniambia kohoa, akasubiri tena mpaka kiganja kikafunguka, ndo akaona vidole viwili vifupi na kauzi kembamba kanaelea pembeni.

Kumbe mfuko wa maji una ngozi mbili, ile ya ndani wanaiita amnioni, ikichanika mapema nyuzi zake zinaelea kwenye maji na zinaweza kuzungukia kidole au mkono au mguu, zikakaza, damu ikapita kwa shida, kiungo kikadumaa au kikakatika humohumo tumboni. Wengine wanazaliwa vidole vimeshikana, wengine na mguu kifundo (unyayo umepindia ndani), zikipita usoni hata mdomo unaweza kupasuka. Ni nadra, makadirio yanaanzia mtoto 1 kati ya 1,200 mpaka 1 kati ya 15,000. Yote hayo alinichorea nyuma ya risiti.

Sasa nilikuwa na mama mkwe, akadakia hapohapo, "dokta, huyu alikula nini?" Akajibiwa kwa adabu kabisa: "Mama, hakuna alichokula wala alichofanya, na mara nyingi hairudii mimba nyingine." Hela yangu ililipwa hapo. Mama mkwe kimya mpaka nyumbani, na siyo kawaida yake.

Pia hakunidanganya, alisema uzi wenyewe mara nyingi hauonekani, kinachoonekana ni madhara yake, kwa hiyo skani safi siyo garantii. Akawa ananirudisha kuangalia kama mkono unavimba, maana huko nje kuna upasuaji wa kukata uzi mtoto akiwa bado tumboni, ila ni kwa kiungo kilicho hatarini, wangu hakufika huko. Akaniandikia barua nikajifungulie penye bingwa wa upasuaji wa watoto. Mtoto kazaliwa hivyohivyo alivyosema, vidole viwili vifupi na mkunjo kama wa raba bendi kwenye cha tatu, huo watamrekebishia. Kijiko anashika, uji anarusha vizuri tu.

Bei imezidi kidogo za jirani, picha wanakupa mbili, ukitaka zaidi unalipia. Nenda na mto wa kukalia.