Zulia la Kiajemi lenye tundu: kufuma upya au kutia kiraka?

Utamu wa kazi hii uko kwenye kufuma upya. Unarudisha kwanza nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa zulia) kwa sindano, ukizipenyeza sentimita mbili tatu ndani ya sehemu isiyoharibika, kisha unafunga mafundo ya sufu moja moja na kupitisha mshindio (uzi wa kukingama) kila safu. Hesabu mafundo upande wa chini. Idadi ikipishana na ya sehemu isiyoharibika, ua la nakshi linapinda. Kizungumkuti ni rangi: sufu mpya hung'aa mno kando ya ile iliyopauka.

Kiraka? Kitambaa kizito cha pamba kwa chini, mishono ya kuzuia kingo zisifumuke, basi. Tundu litaonekana, lakini fundi wa baadaye atakifumua bila madhara. Kwa zulia la thamani, anayejifunza aanzie hapa. Gundi usiiguse: hukakamaa, na kuiondoa ni balaa.