Matairi ya pikipiki za spoti Mombasa: lipi linashika, lipi linadumu

Inama utazame tairi la nyuma la pikipiki yoyote ya spoti iliyoegeshwa mjini. Mara nyingi utaliona katikati limelika likawa bapa, na pembeni vile vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Barabara zetu zimenyooka. Ukivuka daraja la Nyali kwenda Mtwapa, au ukishika Changamwe, Mariakani, moja kwa moja hadi Voi, waweza kumaliza safari nzima hujailaza pikipiki kona moja ya maana. Sehemu ya tairi inayokufa ni ule ukanda wa katikati, upana wa vidole vinne hivi, nayo hufa kwa mwendo wa kunyooka, kwa mafuta unayofungua ghafla na kwa lami iliyopigwa na jua tangu asubuhi.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu wengi wetu twaingia dukani tukiuliza lipi linashika zaidi, tukidhani kushika na kudumu ni vitu viwili vinavyogombana. Kwa mwendo wa huku havigombani hivyo. Raba laini kabisa hushika ajabu siku za mwanzo, kisha katikati pakawa bapa. Tairi likishakuwa bapa, ukianza kulaza pikipiki unahisi kama inapanda ukingo: inakataa, halafu inaanguka kwa mpigo. Meno bado yako, mifereji yaonekana, lakini umbo limeondoka, na kona yashikwa kwa umbo na raba pamoja.

Jambo la pili ni maji. Kushika kunakonishughulisha mimi ni kule kwa mvua ya kwanza ya masika, wakati vumbi, mchanga na dizeli ya malori ya bandari iliyokauka kwa miezi inapopanda juu ya lami. Ongeza kabro zilizolainika kwa kukanyagwa, na mlango wa chuma wa feri ya Likoni ukiwa umelowa. Hapo tairi la mashindano halina la kukusaidia, kwa sababu raba yake hutaka joto ndipo ishike, na ile mifereji yake michache haina pa kupitisha maji.

Kwa hiyo naanza na matairi ya spoti na safari, na kwa mtu anayeishi Mombasa na kuendesha kila siku nayaweka mbele bila kusita. Yametengenezwa kwa raba mbili: ngumu katikati inayovumilia mwendo wa kunyooka, laini pembeni inayoshika kona. Ndani ya raba hiyo mna silika, madini yanayoifanya ibaki nyumbufu hata ikiwa na baridi au imelowa. La nyuma, kwa pikipiki ya cc 600 na mkono wa kistaarabu, natarajia kati ya kilomita 8,000 na 12,000.

Katika kundi hilo, chaguo langu ni Michelin Road 6 iliyotoka 2022. Mifereji yake imechongwa ipanuke kwa chini, hivyo tairi likilika njia ya maji inabaki pana badala ya kufifia. Kwa mji unaopata masika na vuli, sioni sifa kubwa kuliko hiyo, maana mvua haichagui kukukuta tairi likiwa jipya. Road 5 ya 2018 ina mbinu hiyo hiyo. Ukiipata kwa bei nafuu na tarehe yake ni ya karibuni, chukua. Baada yake naweka Pirelli Angel GT II ya 2019, yenye mifereji miwili mirefu inayozunguka katikati ya tairi. Inageuka kwa wepesi, na anayependa pikipiki ijibu haraka pengine ataipenda kuliko Michelin. Ya tatu ni Bridgestone T32 ya 2021, imara na tulivu kwenye mwendo mrefu, hasa ukiwa umebeba mtu na mzigo. Dunlop Roadsmart III na Metzeler Roadtec 01 nazo ni matairi ya kuaminika. Ukikuta dukani Dunlop ya mwaka huu na Michelin iliyokaa rafu miaka minne, nunua Dunlop.

Matairi ya spoti ya barabarani nayapa nafasi ya pili: Pirelli Diablo Rosso IV ya 2021, Bridgestone S22 na mrithi wake S23, Michelin Power 5. Pakavu yanashika kupita lile kundi la kwanza, na utalihisi hilo papo hapo. Kama wewe ni mtu wa kuamka Jumapili alfajiri ukaenda Taita kupanda zile kona za Wundanyi, hapa ndipo pesa yako itakapopata thamani yake, nami siwezi kukulaumu. Ila jua kwamba kona ziko Wundanyi, na kati yako na Wundanyi kuna zaidi ya kilomita 150 za kunyooka zinazokula katikati ya tairi, kwenda na kurudi. Natarajia kilomita 5,000 hadi 7,000 nyuma, na bapa huanza mapema kuliko hapo.

Ya mashindano yenye ruhusa ya barabara, mfano Pirelli Diablo Supercorsa SP, nayaweka chini kabisa kwa mji huu. Ni matairi mazuri mno mahali pake. Hapa utayamaliza kwa safari chache za Voi.

Fanya hesabu kwa kilomita, si kwa bei ya dukani. Mfano: tairi la shilingi 30,000 likikupa kilomita 10,000, umelipa shilingi 3 kwa kilomita. La shilingi 25,000 likiisha kwa 4,000, umelipa zaidi ya 6, na umelipa fundi mara mbili.

Mtumba je? Tairi la spoti la mtumba silinunui na simshauri mtu. Hujui limepigwa pancha mara ngapi, limeanguka na nani, limekaa juani muda gani.

Hata jipya, soma tarehe. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne ndani ya kifremu: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mimi nilijifunza vibaya. Nilinunua la nyuma katika duka moja hapa mjini, linang'aa, karatasi zake bado, nikafungisha nikaondoka. Siku ya kwanza ya manyunyu, Changamwe, lilitelezea kando kwa mwendo ambao hata baiskeli isingeteleza. Nilipofika nyumbani nikapiga magoti na tochi nikasoma: lilikuwa na umri wa miaka saba. Raba ilikuwa imekauka rafuni. Tangu siku hiyo la zaidi ya miaka mitatu silipokei, na muuzaji akikataa nisome ubavu, naaga.

Soma na saizi. Honda CBR600RR, Yamaha R6 na Suzuki GSX-R600 huvaa 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo kwa asilimia ya upana huo, ZR ni alama ya matairi ya mwendo mkali, na 17 ni inchi za rimu. Usidanganywe uweke 190 kwa sababu inapendeza machoni. Kwenye rimu ya 180 tairi linabanwa, umbo linaharibika. Ubavuni hapo hapo, herufi W inakuambia limepimwa hadi kilomita 270 kwa saa, na namba 73 kwamba labeba kilo 365. Wenye pikipiki ndogo, kama Pulsar NS200 ya 100/80 na 130/70, msibebe mambo ya ZR. Tafuteni tairi zuri la saizi yenu, kwa mfano Michelin Pilot Street 2, lenye tarehe ya karibuni. Ni mageuzi makubwa ukilinganisha na matairi ya bei rahisi yanayofungwa kila mahali.

Upepo wa tairi ndio unaoamua kama ushauri huu wote utakufaa. Pikipiki nyingi za cc 600 na 1000 zinataka psi 36 mbele na 42 nyuma, zikipimwa asubuhi kabla hazijatembea. Usikubali fundi akutolee upepo mchana eti umezidi. Umepanda kwa joto, na usiku utashuka wenyewe. Ukiutoa, kesho tairi litatembea likiwa legevu, litapata moto kupita kiasi na litalika haraka. Nunua kipimo chako, ukiweke chini ya kiti.

Na kuna adui wetu wa pwani, chumvi. Tairi hailidhuru, lakini hula rimu ya alumini pale raba inapokalia, na upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo bila pancha yoyote. Watu wamebadilisha matairi mazima kwa kosa la rimu. Siku ya kufungisha, simama hapo hapo. Mwambie fundi asugue ukingo wa rimu mpaka ule unga mweupe uishe, abadilishe valvu, alitazame mshale wa ubavuni unaoonyesha tairi linazungukia wapi, kisha apime mizani ya gurudumu. Vyuma vya pancha visivyo na kinga vitakwaruza rimu, na mkwaruzo ndio mlango wa chumvi. Fundi asiye na mashine ya kufungia matairi mwache, upeleke pikipiki kwa mwenye nayo, hata kama ni ng'ambo ya daraja.

Ukitoka hapo, kilomita mia za kwanza nenda pole. Raba mpya ina ngozi laini inayoteleza, nayo hutoka kwa lami tu, si kwa sabuni wala mchanga. Nenda Mtwapa urudi, siku tatu, pakiwa pakavu, ukilaza pikipiki kidogo zaidi kila siku.