Blogu Iliyolala Miezi Mitatu: Nani Anampokea Vizuri Mwenyewe Akirudi?

Tathmini nyingi za huduma za blogu hupima siku ya kwanza: kufungua kunachukua dakika ngapi, themu zinapendeza kiasi gani, ni bure au ya kulipia. Siku hiyo kila huduma ni bibi harusi. Huduma hujulikana Septemba, mwenye blogu anaporudi kutoka likizo ya kiangazi, hajaandika tangu Juni, na hata nywila ameisahau. Waandishi wa Kiswahili walioko Uingereza na Ghuba wanalifahamu jambo hili: shule zikifungwa, familia inapanda ndege kwenda Mombasa, Unguja au Dar, na kompyuta inabaki kabatini. Basi swali ni moja: blogu ikiachwa peke yake miezi mitatu, hukutwaje?

Tuanze na Blogger, maana habari yake ni fupi. Ilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, na sura yake haifichi umri. Lakini kwa kumpokea mtu aliyepotea haina mpinzani. Hakuna seva ya kutunza, hakuna sasisho la kubonyeza, cheti cha usalama kinajihuisha chenyewe. Unaingia, rasimu zako zipo ulipoziacha, unaandika. Kinachoharibika ni maoni. Ukiwa umeyaacha wazi bila kuyakagua, utakuta matangazo ya kamari na dawa za nguvu chini ya kila chapisho. Kabla ya safari nenda kwenye mipangilio ya maoni, uchague yakaguliwe "Sometimes", kisha uandike idadi ya siku, tuseme 14. Machapisho yaliyozidi umri huo, maoni yake yatangoja ruhusa yako. Mapya yataendelea kupokea kama kawaida.

Udhaifu wa Blogger uko kwenye nakala rudufu. Faili la XML inalokupa lina maandishi na maoni, picha hazimo. Anayedhani amehifadhi kila kitu kwa faili hilo amehifadhi nusu. Tena blogu inategemea akaunti ya Google, na akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa. Likizo moja haikufikishi huko, ila yule mwenye blogu ya zamani kwenye barua pepe aliyoacha kuitumia aingie leo hii. Na kama wasomaji wako walikuwa wakipata machapisho kwa barua pepe kupitia FeedBurner, huduma hiyo ilikoma mwaka 2021. Usishangae kimya chao.

WordPress.com, ile ya kampuni ya Automattic, inakaribiana na Blogger kwa utulivu. Ukirudi unaikuta salama, kwa sababu seva si yako. Mpango wa bure una matangazo usiyoyachagua na jina refu la anwani. Basi.

Hugo na Jekyll, programu zinazogeuza maandishi yako kuwa kurasa zilizo tayari, husifiwa sana na mafundi, na wana sababu: kurasa zake ni mafaili matupu, hakuna hifadhidata wala mlango wa kuingilia, kwa hiyo mwizi hana pa kushika. Blogu ya namna hii ukiiacha mwaka mzima utaikuta vilevile. Shida huwa kwa mwenyewe: amri zimeshasahaulika, na toleo jipya la programu linaikataa themu ya zamani. Andika amri zako tatu au nne kwenye faili dogo ndani ya folda ileile ya blogu. Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia GitHub, ghala la mtandaoni la mafaili ya programu, kutoa machapisho yaliyopangwa tarehe: kwenye hazina ya wazi, kazi za ratiba huzimwa zenyewe baada ya siku 60 bila mabadiliko yoyote. Chapisho la siku ya 61 halitatoka.

Sasa WordPress yenyewe, ile unayoipakia kwenye seva ya kukodi. Ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote hapa, na ndiyo yenye makuu. Tangu toleo 3.7 la mwaka 2013 hujisasisha marekebisho madogo ya usalama bila kukuuliza. Programu-jalizi, yaani vipachiko vya kuiongezea uwezo, hazifanyi hivyo mpaka uwashe, ingawa kitufe kipo tangu toleo 5.5 la mwaka 2020. Na huko ndiko wavamizi wengi hupitia: tundu la usalama linatangazwa, roboti zinaanza kuzunguka tovuti zenye toleo la zamani, na wewe uko Paje unakula pweza.

Kabla ya kugusa dashibodi, angalia jina la tovuti. Hesabu yake kwa .com ni hii: likiisha muda, msajili, yaani aliyekuuzia jina, anaweza kukushikia hadi siku 45, ingawa wengi hawafiki huko. Zinafuata siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada, kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Jumla ni siku 80 kwa msajili mkarimu kuliko wote, na miezi mitatu ni siku 90. Msajili analazimika kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha, lakini ujumbe huenda kwenye anwani uliyoandika siku ya kununua. Majina ya .tz yana taratibu zake, na ya .ke, yaliyo chini ya KeNIC, vilevile, muulize aliyekuuzia. Mwenye blogu ya habari Tanzania aitazame pia tarehe ya leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kisha fungua blogu kama mgeni, kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia. Ukikuta onyo kwamba muunganisho si salama, cheti kimeisha. Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na seva hutakiwa kuvihuisha yenyewe. Ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu rekodi za DNS zimebadilika na jina halielekei tena kwenye seva hiyo. Halafu tafuta Google kwa kuandika site: na jina lako. Ukiona vichwa vya habari vya Kijapani au vya kamari ambavyo hukuandika, umeingiliwa, na huo si wakati wa kusasisha chochote. Badilisha nywila zote, kagua orodha ya watumiaji kama kuna msimamizi usiyemjua, na tazama ndani ya wp-content/uploads: humo hukaa picha na nyaraka, faili la .php likionekana humo litilie shaka mpaka ujue lilitoka wapi. Kisha mwombe mwenye seva nakala ya kabla ya uvamizi.

Kama hali ni shwari, ingia. Usishtuke ukiulizwa kama barua pepe ya msimamizi bado ni sahihi. WordPress huuliza kila miezi 6. Jibu kwa makini, kwa sababu siku blogu ikianguka, kiungo cha kuingilia kwa dharura kinatumwa kwenye anwani hiyohiyo.

Kosa la kawaida la anayerudi ni kuona alama nyekundu ya masasisho 17 na kuyabonyeza yote kwa mkupuo. Kwanza chukua nakala ya vitu viwili: folda ya wp-content na hifadhidata. Programu-jalizi ya bure iitwayo UpdraftPlus inavichukua vyote na kuvipeleka Google Drive. Halafu sasisha programu-jalizi moja moja, ukifungua blogu baada ya kila moja. Inafuata themu, kisha WordPress yenyewe. PHP, lugha ya programu inayoiendesha WordPress kwenye seva, iwe ya mwisho. Wapo wanaoanza na WordPress. Tatizo la mpangilio huo ni kwamba programu-jalizi ya zamani hukutana na toleo ambalo halikuwepo ilipoandikwa. Programu-jalizi inayodai WordPress mpya zaidi itakataa na kukwambia.

Kuhusu PHP, wenye seva hupandisha toleo wakati wewe haupo, na hawana kosa: PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Lakini toleo 8.0 liliondoa kabisa baadhi ya vitu, vikiwemo create_function() na each(), na themu nyingi za zamani zilivitumia. Matokeo ni ukurasa mweupe au ujumbe wa hitilafu kubwa. Tiba: tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress hukutumia kiungo cha kuingia huku programu-jalizi au themu mbovu ikiwa imezimwa. Kwa kawaida kiungo hicho huishi siku moja tu, hivyo kilichotumwa Julai hakikusaidii Septemba. Usipokipata, ingia kwenye meneja wa mafaili wa cPanel, paneli ya kusimamia seva ya kukodi, badili jina la folda ya plugins iwe plugins-zima, na zote zitazimika. Blogu ikifunguka, fungua kwanza ukurasa wa Plugins kwenye dashibodi ili zizimwe rasmi, rudisha jina la folda kisha uwashe moja moja mpaka umpate mkorofi. Isipofunguka, shaka inahamia kwenye themu. Rudisha PHP toleo la nyuma kwa muda huku ukitafuta themu nyingine.

Ukikwama kwenye maneno kwamba tovuti iko kwenye matengenezo ya muda mfupi, sasisho lilikatikia njiani, pengine bando liliisha. Kwenye folda kuu kuna faili liitwalo .maintenance; lifute. Meneja wa mafaili huficha majina yanayoanza na nukta, kwa hiyo washa kwanza kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Machapisho uliyoyapanga yatoke ukiwa safari huenda yote yameandikwa "Missed schedule". Ratiba ya WordPress huamka pale tu mtu anapofungua ukurasa. Blogu yenye wageni watano kwa siku haina wa kuiamsha saa 12 asubuhi. Weka kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, mstari wa DISABLE_WP_CRON wenye thamani true, kisha kwenye cPanel tengeneza kazi ya ratiba inayoiita wp-cron.php kila dakika 15. Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, hakuna kitakachotoka kabisa.

Maoni taka yakiwa maelfu, usijaribu kuonyesha 999 kwa ukurasa ili uyafute mara moja. Seva ndogo itakata njiani. Onyesha 100. Akismet, programu-jalizi ya kuchuja maoni taka ambayo kwa blogu binafsi isiyo ya biashara unaweza kuitumia bila malipo, hufuta yenyewe taka zilizozidi siku 15, hivyo aliyeiwasha kabla ya kuondoka hukuta kazi ndogo. Kwenye Settings, sehemu ya Discussion, kuna pia kisanduku cha kufunga maoni kwa machapisho yaliyozidi siku kadhaa, na kwa blogu ya mtu mmoja hicho pekee kinapunguza kero kuliko programu-jalizi tatu.

Kwa hiyo anayeandika kwa msimu, mashairi, mapishi, kumbukumbu za kijiji, akae Blogger na asione haya. WordPress ya seva ya kukodi ni ya yule aliye tayari kuichungulia walau mara moja kwa wiki mbili, hata kwa simu akiwa likizoni, au anayemlipa mtu wa kuichungulia. Asiyeweza lolote kati ya hayo, kabla ya kufunga begi afute programu-jalizi asizozitumia, maana kuzizima tu kunaacha mafaili yake kwenye seva, na tundu la faili lililozimwa bado linaweza kuingilika. Zilizobaki aziwashie sasisho la kiotomatiki, na nakala rudufu ya mwisho isikae kwenye seva ileile.