Nimetembezwa Nairobi kumtafuta Argwings-Kodhek: nyota nne kati ya tano

Miaka kumi na miwili nimekuwa nikishuka Hurlingham kila jioni na kuvuka Argwings Kodhek Road, na ungeniuliza mwenye jina hilo ni nani ningekwambia "mwanasiasa wa zamani," kisha nikakuuliza habari za mvua. Kwa hiyo dada yangu aliponitumia tangazo la matembezi ya historia ya Jumamosi, shilingi 1,500 kwa kila mtu, nililipa kwa M-Pesa hapohapo kabla aibu haijaniisha.

Tulikutana mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, watu saba. Tukangoja dakika arobaini mtu wa nane ambaye hakuja. Kipaza sauti cha kiongozi wetu kilikwaruza tangu mwanzo, na kwa honi za barabara ile, aliyesimama nyuma alisikia nusu tu. Ukienda, jibane mbele.

Lakini kijana mwenyewe anajua kusimulia. Alianza na herufi C.M.G. zinazotangulia jina la Kodhek: Chiedo More Gem, Gem ikiwa ni kwao, Siaya. Herufi hizohizo, akasema, Mwingereza huziandika baada ya jina la mtu aliyetunukiwa nishani ya Mtakatifu Michael na Mtakatifu George. Fikiria uso wa karani wa kikoloni akipokea barua yenye sahihi hiyo! Mzee mmoja wa Siaya tuliyekuwa naye alicheka mpaka akatoa leso.

Kodhek alizaliwa 1923, akasoma Makerere, kisha akapelekwa Aberystwyth, Wales, akasomee masomo ya jamii. Akageukia sheria, fani ambayo serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika aishike. Aliporudi akapewa kazi ya serikali kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu wa cheo kilekile, akaikataa na kufungua ofisi yake ya uwakili. Alikuwa Mwafrika wa kwanza Kenya kufanya hivyo. Mkewe, Mavis, alikuwa wa Ireland, na Nairobi ile ilikuwa imegawanya mitaa kwa rangi. Kijana angetulia hapo kidogo, lakini alipita kama matatu isiyo na abiria wa kushuka.

Sehemu iliyonifanya nisijutie pesa yangu ilikuwa City Hall Way, mbele ya jengo ambalo sasa ni Mahakama ya Juu. Kijana alikuwa mkweli: alituambia kesi nyingi za Hali ya Hatari, amri ya kikoloni ya 1952 hadi 1960 dhidi ya Mau Mau, zilisikilizwa kwingine, Githunguri na Nyeri kwa mfano, ila hapo pana kivuli na ngazi za kukalia. Akatugawia nafasi. Mimi nikawa mshtakiwa, mwanamke mmoja akawa mkalimani, mzee wa Siaya akawa wakili. Nilikuwa nimekutwa na risasi moja mfukoni. Nikijieleza kwa maneno thelathini, mkalimani anapeleka kwa jaji matano. Wakili hana alilobakiwa nalo ila kuuliza: nani alimpekua, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo, mbona askari wawili wanasema maneno mamoja kama waliokariri? Tulianza kwa utani, lakini kijana alipotuambia kwamba kosa hilo adhabu yake ilikuwa kunyongwa, na kwamba miaka ile walinyongwa zaidi ya watu 1,000, hakuna aliyeendelea kucheka. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Kodhek, Mjaluo akisimama kumtetea Mkikuyu mbele ya kitanzi: walowezi walimwita wakili wa Mau Mau, kwao likiwa tusi.

Kutoka hapo tukaenda hadi uzio wa Bunge, na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotea. Kijana alisema Kodhek "aliwakilisha Nairobi" baada ya uchaguzi wa 1957. Hapana. Mzee alimsahihisha kwa upole, "Mwanangu, hiyo alishinda Mboya," yaani Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Na kisa chenyewe ni kizuri kuliko kosa: mwaka 1955 serikali iliruhusu vyama vya Waafrika, ila vya wilaya tu. Kodhek alitaka chama cha Kenya nzima, jina likakatwa mpaka likabaki Nairobi District African Congress. Kisha Machi 1957, katika mji uleule alioutengenezea chama, akashindwa na Tom Mboya. Leo Mboya ana sanamu Moi Avenue, hatua chache tu kutoka tulikoanzia, na hakuna aliyetuonyesha! Wangeanzia pale pale.

Uhuru ulipofika 1963, Kodhek alikuwa mbunge wa Gem, baadaye akawa waziri. Miaka hiyo yote ilipewa dakika tano, kwa sababu tulikuwa tumechelewa na matatu ilitusubiri.

Nauli ya namba 46 haimo kwenye ile 1,500, wangetuambia mapema. Tulishuka Hurlingham. Hapo, usiku wa Januari 1969, akiwa waziri wa mambo ya nje, ndipo safari ya Kodhek ilipokatika. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi hawakukubali, na mzee wetu ni mmoja wao. Miezi mitano baadaye Mboya naye akapigwa risasi mjini. Kati ya vifo hivyo viwili watu wa Gem walikuwa wamepiga kura ya uchaguzi mdogo na kumchagua Wasonga Sijeyo wa KPU, chama cha upinzani. Haya aliyasema mzee, si kijana.

Vaeni viatu vya kutembelea, bebeni maji, na mkiweza nendeni na mtu mzima wa huko kwao. Wakati tunaagana, makanga wa 46 nyingine alikuwa akiita, "Yaya! Hurlingham! Kawangware!" Mzee akamuuliza barabara hii inaitwaje. "Hii? Ni ya Hurlingham, mzee. Unapanda?"