Tanuri dogo la kuyeyushia kioo Bagamoyo: uzoefu wangu

Watu wanaokuta sahani zangu za kioo pale Mji Mkongwe huuliza bei kwanza, kisha wanauliza tanuri: nimelipata wapi, linakula umeme kiasi gani, na kama mtu anaweza kuanza bila mtaji mkubwa. Nimejibu sana kwa mdomo, sasa naandika. Jibu langu ni hili: ukiwa ukanda huu wa pwani, nunua tanuri dogo la fezi moja lenye kidhibiti joto kizuri, na vioo vitafute hapahapa. Ukubwa unaweza kusubiri.

Langu ni la Ulaya, linafunguka kwa juu, ndani lina kama sentimita 40 kila upande, na waya za moto ziko kwenye mfuniko. Hapo kwenye mfuniko ndipo pa kuangalia kabla hujalipa. Matanuri mengi yanayouzwa ni ya wafinyanzi, waya zake zimezunguka ukutani. Kwa chungu ni sawa, lakini kioo kinalala bapa kwenye rafu, na moto wa pembeni unakipasha kingo huku katikati kungali baridi. Kikipishana joto namna hiyo kinapasuka kabla hakijafika hata nyuzi 300. Moto wa juu unakifunika chote kwa pamoja.

Umeme ni volti 230, kilowati 3, yaani ampia 13 hivi. Lilikuja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mtu wa kwanza kuliona alitaka kunibadilishia aweke plagi yetu ya pini tatu bapa. Fundi umeme wangu alikataa. "Dada, hii plagi mwisho wake ampia 13, na wewe unataka kuibebesha hizo hizo saa nne mfululizo. Itayeyuka." Akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye mita, waya wa milimita 4, na breka ya ampia 20, tanuri likaunganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, usiione kama ziada.

Kwenye Luku, kuunganisha kioo kwa moto kamili, tanuri likiwa limejaa, kunanila uniti kumi hivi. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya uniti moja kwa shilingi 356, ni kama 3,560. Kukilaza kwenye kalibu, yaani chombo cha kukipa umbo, kunakula pungufu ya hapo. Kwa sahani nne ndogo zinazotoka pamoja, hesabu inalipa vizuri.

Sasa kidhibiti joto, ambacho kwangu ndicho nusu ya thamani ya mashine nzima. Unakiandikia hatua: panda kwa nyuzi kadhaa kwa saa mpaka joto fulani, kaa hapo dakika kadhaa, nenda hatua inayofuata. Kioo kinahitaji hivyo. Kwa vioo viwili vya dirisha vya milimita 3 vilivyopandana, napanda polepole, natulia kama nusu saa kwenye nyuzi 650 na kitu ili kioo cha juu kilegee na hewa iliyo katikati itoke, halafu naenda haraka mpaka 830 hivi. Ukiruka kituo cha hewa unapata mapovu, mengine makubwa hadi yanatoboa. Ukizubaa kati ya 700 na 800, uso wa kioo unaanza kujenga fuwele na kutoka na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Ukichungulia kwenye kitundu karibu na 750 utaona kingo zimeanza kulainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Vipande vimeshikana lakini kila kimoja bado kina umbo lake. Kazi zangu za samaki nazikomesha hapo, kwa sababu magamba yanabaki yamenyanyuka na kidole kinayasikia.

Kushuka ndiko kunakotaka subira. Kioo cha dirisha nakisimamisha kwenye 550 hivi mpaka joto lisawazike ndani na nje, kisha nakishusha taratibu. Kisipotulizwa hapo kinabaki na mvutano ndani, na kinaweza kupasuka wiki mbili baadaye kikiwa kabatini kwa mteja. Unene unabadilisha kila kitu: kwa kioo cha Bullseye, watengenezaji wa kioo cha sanaa wa Portland, Marekani, jedwali lao la kipande cha milimita 25 linataka saa 4 kwenye nyuzi 482 na mwanzo wa kushuka usizidi nyuzi 15 kwa saa. Ndiyo maana nakaa kwenye milimita 6. Halafu kioo kilichoyeyuka kabisa chenyewe kinapenda unene huo wa milimita 6 au 7. Ukiweka kimoja chembamba kinajikunja kuelekea ndani, ukirundika kinatambaa nje.

Na umeme ukikatika? Swali hili kila mtu analiuliza, na ni la haki. Kidhibiti changu kinakumbuka kilipoishia na kinaendelea umeme ukirudi. Umeme ukikatika wakati wa kupanda, hasara ni muda tu. Ukikatika wakati wa kutuliza, usifungue mfuniko hata kwa sekunde. Matofali yana joto lake na yanashuka pole kuliko unavyodhani. Kazi ikitoka nzima lakini ukawa na wasiwasi nayo, irudishe polepole mpaka joto la kutulizia na uishushe upya. Nimeokoa sahani nzuri kwa njia hiyo. Tanuri lisilo na kumbukumbu hiyo singelinunua hapa hata kwa nusu bei.

Vioo, hapa ndipo Bagamoyo inanifaa. Mafundi wa aluminiamu wanaotengeneza madirisha wana marundo ya vipande. "Beba tu dada, mie navitupa," aliniambia mmoja pale Magomeni ya hapa Bagamoyo, na tangu hapo nampelekea chai. Uliza kioo cha kawaida. Kile cha temper, kilichoimarishwa kwa joto, hakikatiki, ukikigusa na almasi kinamwagika punje punje. Cha rifrekti, kile kinachorudisha mwanga, kina mpako ambao motoni hautabiriki. Cha bronzi na cha bluu, vya rangi iliyoingia mwilini mwa kioo, vinatoka vizuri sana.

Ila usichanganye ovyo. Kila kioo kinatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Vya sanaa vinauzwa kwa namba ya kutanuka huko, 90 au 96, na hivyo viwili havioani. Cha dirisha kiko chini ya vyote viwili, na chupa nayo ina tabia yake. Kabla sijachanganya vioo kutoka kwa mafundi wawili, nayeyusha kipande kidogo cha kimoja juu ya kingine, nakitoa, nakiweka mbele ya skrini ya kompyuta mpakato yenye ukurasa mweupe, na kukitazama kwa miwani ya jua ya polaroidi nikiwa nimeizungusha mpaka skrini imekuwa nyeusi. Kukiwa na mwanga unaozunguka kipande cha juu, ndani kuna mvutano, na hivyo vioo sivioanishi. Kukiwa giza tupu, twende kazi.

Kioo cha dirisha kinatengenezwa kikielea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza mwaka 1959, kwa hiyo upande mmoja una bati kidogo. Upande huo ukiwa juu na kioo kikazama kwenye kalibu, unaweza kupata utando wa maziwa. Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi inauonyesha, unang'aa weupe. Taa ya kukagulia noti haifai kwa hili. Mimi huweka upande wa bati chini.

Kalibu nimezipata kirahisi kuliko nilivyotarajia. Bakuli la udongo lisilo na rangi, likitobolewa tundu dogo chini la kupitisha hewa na kupakwa mikono mitano ya dawa ya rafu, ile inayozuia kioo kisishikane na rafu, linalaza kioo vizuri kwa ndani. Bakuli la stinlesi ni kinyume: chuma kinasinyaa kuliko kioo, kwa hiyo kioo unakilaza kwa nje likiwa limepinduliwa, la sivyo litakibana mpaka kivunjike. Ile dawa ya rafu ni alumina na udongo mweupe wa kaolini. Pugu kaolini ipo, lakini mimi naendelea na ya kopo mpaka nipate alumina ya uhakika.

Malalamiko yangu kwa tanuri hili ni mawili. Bati lake la nje linaota kutu kwa hewa ya chumvi. Nalifuta kwa kitambaa chenye mafuta na nimelihamishia chumba cha nyuma, mbali na upepo wa bahari. La pili ni zito. Rilei yake, swichi inayowasha na kuzima waya za moto, ilikuwa ya kugonga, ile ya tik-tik, na migusano yake ikaanza kuungua. Siku moja iliganda ikiwa inapitisha umeme: kidhibiti kinaonyesha joto limepita kiwango na hakiwezi kulizuia. Nilikuwepo, nikazima kwenye breka. Fundi akaniwekea rilei ya elektroniki yenye sahani ya kupoozea, na imetulia. Mashine ya bei hii ilipaswa kutoka kiwandani nayo, au angalau na swichi ya pili ya usalama. Hata sasa siliachi tanuri peke yake linapopanda.

Vumbi la dawa ya rafu na la karatasi za tanuri zinazotandikwa chini ya kioo halichezewi. Barakoa ya vumbi unapokwangua rafu, fagio weka pembeni, tumia kitambaa kibichi, na mtoto asiwe chumba hicho.

Kwa anayetaka sanamu kubwa au meza, hili si lake. Kwa sahani, vibao vya kuwekea glasi, namba za nyumba na taa ndogo za hoteli, nalipatia alama nne kati ya tano. Ukiagiza, piga hesabu ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulipa, maana matofali ni mzigo mzito, na kwenye kontena hilohilo waambie waweke themokapo (kipima joto cha ndani ya tanuri) ya akiba na seti moja ya waya za mfuniko. Kuja kuziagiza peke yake baadaye kunagharimu kuliko zenyewe.