Stendi ya dola 18 na mwezi wa utosini

Stendi hii ya miguu mitatu niliinunua Birere, hapa Goma, kwa dola 18, baada ya kuvutana na muuzaji hadi tukachoka wote wawili. Chapa yake siitaji. Za bei hii zote zinafanana kama mapacha. Nia yangu ilikuwa moja: kupiga picha ya mwezi mpevu.

Usiku wa kwanza niliisimamisha uani kwetu Himbi. Umeme ulikuwa umekatika (kwa mara moja nilishukuru), na karibu saa sita mwezi ulikuwa utosini. Hapo nikakwama. Kichwa cha stendi kinainama mpaka kamera itazame ardhi, lakini ukikiinua kinagota nusu ya njia. Goma haifiki hata digrii mbili kusini mwa ikweta, na mwezi mpevu wa usiku wa manane huku hauchungulii pembeni ya paa, unakusimamia kichwani. Aliyeunda stendi hii hakutuwazia.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja mpiga picha za harusi. Alicheka kwanza, kisha akaifunga kamera kinyumenyume, upande wa kuinamia ukageuka wa kuinukia. Mkono wa stendi sasa unatokeza chini ya lenzi na unakera, ila lenzi inatazama juu kabisa.

Halafu ni nyepesi mno. Upepo wa ziwani ukivuma, inatetemeka. Nimening'iniza mfuko wa mawe ya volkano kwenye ndoano ya katikati, maana hayo hapa hatununui, na kamera naiwekea isubiri sekunde mbili ili kidole changu kisiitikise.

Mwanga usiiachie kamera ijipangie. Ikiona giza tele inaukaribisha kupita kiasi, mwezi unatoka sahani nyeupe tupu. Ule ni mwamba ulioanikwa juani: niliweka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), sekunde 1/125 (muda wa kuingiza mwanga), na madoa yake ya kijivu yakajitokeza. Kwa lenzi yangu ya milimita 300 mwezi haufiki moja ya tano ya kimo cha picha, kwa hiyo kingo nazikata baadaye.

Siku hizi natoka mapema, saa mbili na nusu hivi, mwezi ukiwa bado mashariki, upande wa Gisenyi, lakini umeshaupita moshi wa majiko. Saa hiyo kamera inakaa kawaida, bila kugeuzwa.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne, ila ndoano imeanza kulegea.